Mstari wa Themanini na Nane

Kijijini Lithokambo, kisiwani Chios, aliyemwita Markellos Vatakis kwa jina lake alikuwa mmoja tu, mkewe, naye alilitumia siku za ugomvi. Wengine wote walimwita Markoni, kwa kuwa ndivyo mabaharia wa kisiwa kile wanavyomwita mtu wa redio melini, naye alikuwa mtu wa redio kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mwili mdogo, nywele nyeupe, na vidole visivyojua kutulia. Ukikaa naye mkahawani utavisikia vikigonga meza, nukta na vistari, lugha ya redio za zamani ambayo siku hizi hata meli zenyewe zimeisahau. Ukimuuliza anasema nini, atakujibu kwamba hasemi kitu. Uongo. Vidole vya mtu wa namna ile haviongei bure.

Julai ile vidole vilizidi kiasi. Ilikuwa wiki ya kuelekea sikukuu ya Mtakatifu Markela, ambayo kwake ndiyo siku ya jina, siku ambayo nyumba ya mtu huwa wazi, watu wakaingia bila kualikwa, wakala kijiko cha sharubati nzito ya chenza, wakamtakia miaka mingi. Mtu wa kawaida hungoja siku hiyo kwa furaha. Markoni aliingojea kama mtu anayengojea daktari atoke na majibu.

"Umeshika ufagio mara tatu tangu asubuhi," mkewe Loula alimwambia. "Miaka thelathini na tano ya ndoa hujawahi kuushika hata mara moja. Ama una homa, ama una dhambi."

"Nasafisha uwanja. Wageni watakuja."

"Wageni wanakuja tarehe ishirini na mbili. Leo kumi na saba. Utaukwangua uwanja mpaka tuone kisima."

Akauweka ufagio, akatoka, akaenda ofisini, akarudi, akatoka tena.

Ofisi ilikuwa ya ushirika wa maji. Bonde la Lithokambo ni la michenza na milimau, mashamba yaliyozungushiwa kuta ndefu za mawe mekundu, na visima vya zamani vyote vimeingiwa na chumvi. Maji hutoka kwenye bwawa la juu, hushuka kwa bomba, na kila shamba lina koki yake na kila koki ina namba. Ushirika ulipoleta pampu za kompyuta, hakukuwa na aliyethubutu kuigusa ile kompyuta isipokuwa Markoni, ambaye wakati huo alikuwa amekaa bure nyumbani. Mwaka 1999 meli zilikuwa zimeletewa mitambo ya setilaiti inayojipigia yenyewe, nahodha akampa mkono wa kwaheri na chupa ya uzo, pombe kali ya Ugiriki, basi, kazi ikaisha. Mtu aliyezoea kusikiliza dunia nzima sikioni akashushwa gatini na begi moja. Kwa hiyo kompyuta ya maji ilimwokoa, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Loula mwenyewe atakwambia kwamba kabla yake alikuwa akishinda amelala amegeukia ukuta.

Alichofanya ni kuandika faili moja la maandishi matupu. Halikuwa na rangi wala picha. Lilikuwa na mistari mia mbili kumi na miwili, kila koki na mstari wake: namba, jina la mwenye shamba, siku za maji, muda. Kompyuta ililisoma kila alfajiri ikafungua na kufunga. Na kati ya mistari hiyo Markoni aliandika maelezo yake, akiyatanguliza kwa alama ya reli, #, ile iliyo kwenye simu. Mstari wenye alama ile mbele yake kompyuta huupita kama vile haujaandikwa. Binadamu anausoma, mashine haiusomi. Kwa hiyo ungekuta humo: "koki hii hukwama, igongwe kwa nyundo kwanza." Au: "mama Loxandra apigiwe simu kabla ya maji, bata wake hulala mferejini." Kila Juni, na kila alipobadili mstari, alilichapa faili zima akalibandika mlangoni mwa ofisi, na watu wakalisoma wakicheka, kwa sababu lilikuwa na habari kuliko gazeti.

Sasa wilaya ilikuwa imeamua kwamba mabonde yote yaingie kwenye kanzidata moja. Wakamtuma Danai, binti wa miaka thelathini kutoka Patra, mchangamfu, mwenye miwani mikubwa na adabu zake. Markoni alikuwa amejiandaa kumchukia, ikamshinda.

"Mzee Markoni," binti alimwambia tangu siku za kwanza, "faili lako nimeanza kulisoma. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Bata wa mama Loxandra wamo!"

"Wamo na watabaki humo."

"Hawatabaki, mzee wangu. Kanzidata haina safu ya bata."

"Basi ina kasoro hiyo kanzidata."

"Ina safu ya namba ya koki, namba ya shamba, jina, siku, muda. Kila kitu na chumba chake. Ukitaka kujua nani ana maji Jumanne, sekunde moja tu."

"Mimi namuuliza Zannis. Sekunde moja na sigara moja."

"Na Zannis akifa?"

Zannis, mlinzi wa maji, mzee wa pikipiki na kofia ya majani, alikuwa amesimama pale pale mlangoni. "Ee binti, niache nifike sikukuu kwanza! Halafu mtanisajili."

Wakacheka wote watatu. Lakini Markoni hakuliacha jambo. "Sikiliza, mwanangu. Faili langu utalifungua kwa kompyuta yoyote, ya leo au ya miaka hamsini ijayo. Umeme ukikatika nina karatasi mlangoni. Hiyo kanzidata yako ni sanduku la chuma. Ufunguo ukipotea, utalikalia kama kigoda."

"Kweli kabisa," Danai akasema, na hakuwa akimdhihaki. "Lakini faili lako yeyote anayeingia ofisini anaweza kuligusa. Akaongeza, akanyamazisha mtu, na mashine isiulize kwa nini. Kwenye kanzidata huwezi kumgusa mwenye shamba mpaka mwenyewe akubali."

Vidole vya Markoni vikaanza kugonga meza.

Hiyo ilikuwa mwezi wa Juni. Siku ile ile Danai alipitisha faili kwenye mashine yake kwa majaribio, akatoka na karatasi moja. "Mia mbili kumi na miwili. Mia mbili kumi na mmoja imeingia. Umeachwa mmoja, wa themanini na nane. Una alama ya reli mbele, na mashine inasema ni nakala, maana Stamatis Vatakis yupo tayari kwenye themanini na saba. Ni nakala, si ndiyo?"

"Ni nakala," Markoni alisema.

Maneno mawili tu. Akayarudia kichwani mwezi mzima.

Kwa maana haikuwa nakala. Mtoto wa kwanza wa kiume kijijini pale hupewa jina la babu yake mzaa baba, na desturi hiyo haina mjadala. Babu alikuwa Stamatis. Markellos akamzaa Stamatis, na kaka yake Isidoros alikuwa amekwisha kumzaa Stamatis wake. Ukiita jina lile kanisani vichwa viwili viligeuka. Babu naye aliwagawia wajukuu wake shamba lake la michenza nusu kwa nusu, ukuta mmoja katikati. Koki themanini na saba ilikuwa ya mtoto wa Markoni, ambaye alikwenda Athene akawa mwalimu, shamba akamwachia baba yake. Koki themanini na nane ilikuwa ya mtoto wa Isidoros, na yule alikuwa mkulima hasa, kijana aliyejua kila mti wake.

Wahenga wanasema damu ni nzito kuliko maji. Hawakupata kuishi bondeni kwetu mwezi wa Julai.

Miaka tisa iliyopita mama yao Markoni na Isidoros alifariki. Siku ya arobaini, baada ya ibada, watu wakiwa mkahawani wanakunywa kahawa ya marehemu, Isidoros alimtazama mdogo wake akisimulia jinsi mama alivyokuwa, akasema mbele ya watu wote: "Wewe unamjua mama wa kadi za posta. Mimi ndiye niliyemwogesha." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Na lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana liliingia kama mwiba wa samaki, usiotoka kwa kukohoa.

Markoni aliondoka, akapita ofisini saa nane ya mchana, jua linachoma, hakuna mtu barabarani. Akafungua faili. Mbele ya mstari wa themanini na nane akaweka alama moja ya reli, na juu yake akaandika mstari mwingine, nao wenye alama yake: "hadi atakapokuja. M." Kisha akalichapa upya, akalibandika mlangoni kama kawaida yake. Alifikiri ni mambo ya siku tatu. Michenza ikikosa maji siku tatu Isidoros atakuja kuuliza, ataomba radhi, alama itatolewa. Zannis alipomwambia kwamba koki themanini na nane haifunguki, alimjibu kwamba jina limeandikwa mara mbili, kompyuta imefuta moja, atalishughulikia.

Isidoros hakuja. Siku tatu zikawa wiki. Ikapita Julai, ikaja Agosti na upepo wake mkavu wa kaskazini. Kijana alikuwa akisomba maji kwa ndoo na trekta kutoka kwa jirani, na Markoni alimwona ng'ambo ya ukuta, akajisemea kesho. Kila siku kesho. Hasira ilikwisha kabla ya majani kuanza kujikunja, lakini hapo aibu ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi yake, na aibu ni mbaya kuliko hasira, kwa kuwa haichoki. Kufikia vuli miti ilikuwa kuni. Kijana alikwenda Uholanzi, akaajiriwa kwenye mabanda ya vioo, kumwagilia nyanya za watu wengine. Ndugu wawili wakaishi mtaa mmoja miaka tisa bila kusalimiana, na majirani wakadhani ni lile neno la mkahawani tu.

Sasa unaelewa kwa nini Markoni alikuwa akifagia.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi, jinsi ilivyokuwa rahisi. Tarehe ishirini na moja saa sita mchana kanzidata ingefungwa, na shamba lisilokuwamo lingekosa haki ya maji kwa miaka mitano. Faili la zamani lingefutwa. Alama yake, maneno yake, herufi yake, vyote vingetoweka bila yeye kuinua kidole. Mashine yenyewe ilikwisha kumtungia uongo, ikampa na sababu. Nani angeuliza habari za shamba la kuni?

Tarehe kumi na tisa Zannis aliegesha pikipiki nje ya ofisi, akaingia akijipepea kwa kofia.

"Markoni, umesikia? Mpwa wako anarudi."

"Mpwa yupi?"

"Una wangapi? Stamatis wa Isidoros. Mkewe amekubali, watoto wawili, wanarudi baada ya Krismasi. Ameagiza miche. Michenza mia moja na ishirini! Kaka yako ameniambia mwenyewe, na unajua kaka yako huongea mara moja kwa mwaka."

"Miche," Markoni alisema.

"Anauliza kama koki inahitaji kutengenezwa. Nikamwambia ni mambo ya kompyuta, Markoni atayajua." Zannis akamkazia macho. "Mbona umekaa hivyo? Kunywa maji, bwana. Umekuwa wa kijani."

Siku hiyo alitembea. Alitembea mpaka bwawani, akarudi kwa njia ya mashambani, akasimama kwenye ukuta wa katikati, upande wake michenza imenawiri, upande wa pili nyasi za manjano na visiki. Akaenda mpaka kona ya nyumba ya Isidoros, akaona kiti kibarazani, akageuka. Kesho yake akafika mpaka kwenye geti, akasikia redio ndani, akageuka. Loula alimuuliza mchana kwa nini hali, akasema ameshiba. Akasema tena kwamba joto limezidi. Halafu, bila kuulizwa, akasema kwamba kanzidata ni kitu kibaya, watu watajuta. Loula akamtazama kama unavyomtazama mtoto anayesema hakula sukari.

Asubuhi ya tarehe ishirini na moja alifika ofisini kabla ya Danai, na binti akamkuta nje ya mlango akiwa amesimama juani.

"Themanini na nane si nakala," alimwambia kabla ya salamu.

"Habari za asubuhi, mzee."

"Si nakala. Ni mtoto wa kaka yangu. Majina yanafanana, baba tofauti. Uliponiuliza nilikudanganya."

Danai alifungua mlango, akawasha kompyuta, akalifungua faili la zamani, akashuka mpaka pale. Alisoma mstari ule na mstari ulio juu yake. Markoni alimwona akiusoma. "Hadi atakapokuja," binti alisema polepole. "Hii 'M' ni wewe?"

"Ni mimi."

Hakuuliza zaidi. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, maana wapo watu ambao wangekaa kitako waulize. Aliandika namba ya shamba kutoka kwenye ramani, akaandika jina, akasimama. "Mzee wangu, sasa kuna jambo. Kwenye faili lako ningefuta alama moja, yakaisha. Hapa haikubali. Inataka namba ya simu ya mwenye shamba. Tunamtumia tarakimu sita, yeye anatusomea, ndipo mashine inajua amekubali. Bila yeye siwezi, hata ningetaka."

"Yuko Uholanzi."

"Simu inafika Uholanzi. Una namba yake?"

Hakuwa nayo. Mpwa wake wa damu, na namba yake hana. Kijiji kizima aliyekuwa nayo ni mtu mmoja.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Tatu na nusu. Saa sita inafungwa, na si mimi ninayefunga. Inajifunga."

Isidoros alikuwa kibarazani akimenya maharage mabichi kwenye bakuli. Alikuwa na miaka sitini na saba, mwili mkubwa, mgongo umeanza kupinda. Geti lilipolia aliinua macho, akamwona mdogo wake, akayarudisha kwenye maharage.

"Kesho ndiyo sikukuu yako," alisema. "Umekosea siku. Na nyumba pia."

"Kaka, nimekuja."

"Nakuona."

Markoni alisimama kwenye ngazi. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yakamtawanyika yote. "Nataka namba ya Stamatis. Ni habari ya koki. Ikifika saa sita bila yeye kukubali, hana maji miaka mitano. Kaka, ile koki haikuharibika. Haikuwa nakala wala nini. Mimi ndiye niliyeifunga. Siku ile ya arobaini ya mama. Niliweka alama."

Isidoros alimenya harage moja. Akamenya la pili.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Unabandika karatasi mlangoni kila Juni, mjinga wewe. Unadhani mimi sisomi? Nilisoma bata wa Loxandra, nikasoma nyundo ya Zannis, nikafika kwangu. Nikamuuliza mtu wa duka la kompyuta mjini alama hii maana yake nini. Akanieleza. 'Hadi atakapokuja.' Kwa mwandiko wa mashine, lakini sauti ni yako tupu."

Markoni alikaa kwenye ngazi. "Mbona hukuja?"

"Kuja kufanya nini? Kukupigia magoti kwa maji ya baba yangu?" Sasa sauti ilipanda. "Nilisema, amefunga mwenyewe, atafungua mwenyewe. Yeye ndiye mdogo. Atakuja. Nikakaa. Miti ikafa, nikakaa. Mtoto akaondoka, nikakaa! Nami ni mjinga, usifikiri sijui. Ningeweza kumwambia Zannis siku ya pili tu. Nilitaka uje wewe."

"Mtoto anajua?"

"Hajui. Ningemwambia nini? Kwamba baba yake na baba yake mdogo walikuwa wanashindana nani ana shingo ngumu, na dau lilikuwa miti yake?" Akasukuma bakuli. "Kila Juni nilikwenda mlangoni kuangalia. Ipo? Ipo. Bado amekasirika, nikasema, basi bado ananikumbuka. Juni hii nimekwenda. Karatasi mpya ya hiyo kanzidata, nzuri, safi. Themanini na saba. Themanini na tisa. Nikasoma tena kutoka juu. Miaka tisa nilikuwa mtu aliyefungiwa maji. Mwaka huu sikuwepo kabisa."

Alipangusa macho kwa mkono wenye nyuzi za maharage, wala hakujificha. Markoni naye alikuwa analia, mtu mzima, juu ya ngazi, saa nne ya asubuhi, na jirani wa mbele alikuwa anatandaza nguo akisikiliza kila neno. Acha asikilize.

"Nisamehe, kaka."

"Sijui," Isidoros alisema. "Nitajaribu. Mimi ni mtu mzito, unanijua. Lakini si mimi ninayedai." Alitoa simu mfukoni mwa shati, akaishikilia mbali na macho, akabonyeza. "Namba yake ni hii, mpe huyo binti wenu."

Markoni alimpigia Danai kwa simu yake, akamsomea namba tarakimu kwa tarakimu, na upande wa pili vidole vya binti vikasikika vikiandika. "Nimetuma," Danai alisema. "Ina dakika kumi."

Isidoros alikuwa amekwisha kupiga. Alisikiliza simu ikiita, halafu, kabla haijapokelewa, alimnyooshea mdogo wake.

"Baba!" sauti ya Stamatis iliruka humo ndani, nyuma yake mvumo wa feni za mabanda. "Kuna nini? Asubuhi hii?"

"Si baba yako. Ni baba mdogo. Markellos."

"Baba mdogo! Jamani! Baba hajambo?"

"Hajambo, yupo hapa. Mwanangu, umetumiwa ujumbe. Tarakimu sita. Ni za koki yako, za maji."

"Ngoja, ngoja. Ndiyo, naziona. Nne, sifuri, tisa. Moja, moja, saba."

Markoni alizirudia kwenye simu nyingine. Danai aliziandika, kisha akasema, "Imekubali. Mia mbili kumi na miwili. Hongera, mzee," na akakata.

"Tayari?" Stamatis aliuliza.

"Tayari. Una maji. Jumanne na Ijumaa, kama zamani."

"Baba mdogo, sijui niseme nini." Kijana alikuwa amefurahi, furaha ilimjaa mdomoni. "Mimi nilidhani mmenisahau huko. Nilikuwa naogopa hata kuuliza. Kumbe ni wewe umenihangaikia. Mungu akupe, kwa kweli. Nikija nitakuletea balbu za maua ya huku, mke wangu atachagua. Asante sana, baba mdogo. Asante."

Kazi ilikuwa imekwisha. Mstari umeingia, maji yapo, kijana anashukuru, kanzidata haina safu ya kuandika kwa nini. Markoni alimtazama kaka yake. Isidoros hakumwambia kitu, hakumwashiria kitu, alikuwa amelivuta bakuli lake na anamenya maharage, ila alikuwa anamenya yaliyokwisha kumenywa.

"Basi, baba mdogo, narudi kazini, wasije—"

"Usikate, mwanangu," Markoni alisema. "Usinishukuru. Vuta kiti ukae, kuna jambo nilikufanyia."